Mizani Inapogoma

Akina mama wengi waliowahi kujinyima ili wapungue uzito wanaifahamu hali hii. Majuma ya mwanzo mizani hushuka kwa wepesi: kilo mbili, kilo nne, nguo zikalegea kiunoni, na mawifi wakaanza kuuliza siri. Kisha, mwezi wa nne au wa sita, namba husimama. Sahani ni ile ile ndogo, matembezi hayajaachwa, lakini mizani imegoma. Hapo ndipo nyoyo huvunjika. Mmoja huamua kwamba mwili wake umeumbwa kunenepa tu, akavirudia vitumbua na mahamri yake. Mwingine hujikaza na kuzidisha njaa hadi kichwa kinamzunguka. Wote wawili wameisoma vibaya mizani yao.

Juma hili tunalitazama jambo hili kutoka mbali na Pwani, katika miji ya Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana. Huko wako watu wetu: wafanyabiashara, walimu, wauguzi, madereva wa malori, na wake waliowafuata waume zao. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, zimo pia familia nyingi za Kiislamu kutoka Somalia, Ethiopia na Sudan. Lakini sababu kubwa ya kwenda huko ni nyingine. Ardhi ya Turkana imewafundisha wanasayansi mengi kuhusu namna mwili wa binadamu unavyoupokea uhaba wa chakula, na unavyoupokea wingi wake.

Huenda msomaji akauliza kama si aibu kuzungumzia kupungua uzito katika kaunti ambayo juzi tu, kati ya mwaka 2020 na 2023, ilikosa mvua misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa njiani. Swali hilo ni la haki. Jawabu lake ni chungu: utapiamlo na unene huweza kukaa chini ya paa moja. Katika kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi, karibu na mji wa Tindouf nchini Algeria, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban robo ya kaya zilikuwa na unene uliopindukia na utapiamlo kwa wakati mmoja. Mama mnene, mtoto aliyedumaa, chungu kimoja. Chakula cha mgao huwa ni unga, mchele, mafuta na sukari. Hushibisha tumbo upesi na kuuacha mwili na upungufu wa mengine.

Kakuma nako, mwaka 2015 sehemu ya msaada wa chakula ilianza kutolewa kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, na familia zikanunua dukani. Mgao ulipokatwa vibaya mwaka 2025, mama mwenye watoto sita hakuwa na nafasi ya kufikiria samaki wala mboga. Alichokiweza ni kile kinachoshibisha wengi kwa senti chache. Kwa hiyo tunapoandika hapa juu ya kupunguza, tunamwandikia yule ambaye sahani yake ina ziada, na ambaye daktari amemwambia kwamba shinikizo la damu au sukari yake inapanda. Si wachache: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke 1 kati ya 3 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Sasa tuwatazame wenyeji. Kwa karne nyingi Waturkana wameishi kwa mifugo katika ardhi kavu na ya joto kali. Mfugaji wa jadi hupata asilimia 70 hadi 80 ya chakula chake kutoka kwa mnyama: maziwa, nyama, na damu, ambayo sisi hatuili. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi za watu hawa, na humo ikaelezwa kwamba miili yao imejizoesha, kizazi baada ya kizazi, kuhifadhi maji na kustahimili lishe hiyo ya nyama bila kudhurika figo. Lakini utafiti uliotangulia, wa mwaka 2020 katika jarida la Science Advances, ndio unaotuhusu zaidi. Watafiti waliwapima Waturkana wazima zaidi ya 1,200: wafugaji, walioacha ufugaji lakini wakabaki vijijini, na waliohamia mijini. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo na damu. Walioacha mifugo wakabaki kijijini hawakutofautiana nao sana. Waliohamia mjini, wakala vyakula vya dukani, unga uliokobolewa na mafuta, ndio walioongezeka mwili na kupanda shinikizo la damu.

Damu ni moja na ukoo ni mmoja, ila jiko limebadilika. Mwili uliofunzwa kuishi kwa uhaba, ukiwekwa mbele ya wingi, huweka akiba. Na akiba hiyo ikianza kuguswa, huilinda.

Hapo ndipo ilipo siri ya mizani kugoma. Mwili wako haujui kama unapunguza kula kwa sababu ya ushauri wa daktari au kwa sababu ukame umeingia. Mafuta ya mwilini yanapopungua, homoni iitwayo leptini, inayotoka katika mafuta hayo na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hupungua nayo. Ubongo hupokea habari hiyo na kufanya mambo mawili. Kwanza, hubana matumizi: mwili mwepesi huhitaji nguvu kidogo kuendeshwa, na juu ya hapo hufanya iktisadi ya ziada. Pili, huamsha njaa. Mtafiti wa Marekani aitwaye Kevin Hall na wenzake wamekadiria kwamba kwa kila kilo 1 inayopotea, mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula hupanda kwa kalori zipatazo 100 kwa siku.

Mama aliyepungua kilo 6 afanye hesabu hiyo. Mwili wake sasa unatumia takriban kalori 150 pungufu kila siku, na tumbo lake linadai kalori 600 zaidi ya lilivyodai mwanzo. Jitihada ileile iliyomshusha kilo 6 sasa inatosha tu kumweka alipo. Hajalegea, anapanda mlima uliozidi kuwa mkali chini ya miguu yake. Na kwa kuwa hamu imepanda kuliko matumizi yalivyoshuka, mara nyingi kinachorudi kwanza ni chakula, polepole, bila mwenyewe kujua.

Hili la bila kujua linaumiza kulisema, lakini lina ushahidi. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu walioapa kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Walipopimwa kwa njia za kitaalamu ilionekana kwamba walikula karibu mara mbili ya walivyoandika. Hawakuwa waongo. Mkono husahau. Mpishi huonja mchuzi mara tano, humalizia wali wa mtoto ili usitupwe, huumega ukingo wa chapati akiwa bado jikoni, na jioni akikumbuka chakula alichokula hukumbuka sahani tu.

Wapo watakaosema dawa ni kutembea zaidi. Tuvuke mpaka hadi Tanzania, kwa Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado huwinda na kuchimba mizizi. Mwanamke wa Kihadzabe hutembea wastani wa karibu kilomita 6 kwa siku, mwanamume kilomita 11. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliupima mwaka hadi mwaka mjadala huu wa nguvu za mwili, na matokeo yao kuhusu Wahadzabe, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe hutumia kwa siku kiasi kilekile cha nguvu anachotumia mtu wa mjini wa Marekani akaaye kitini. Mwili hufidia. Ukiutumikisha sana upande mmoja, hubana upande mwingine.

Kwa maoni yangu matembezi yasiachwe hata kidogo, ila yapewe kazi yake. Hushusha shinikizo, huwezesha sukari kuingia katika misuli, huleta usingizi, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Kazi ya kuisukuma mizani iliyogoma ni ya jikoni zaidi.

Kabla ya kuingia jikoni, hakikisha kwanza kwamba mizani imegoma kweli. Upungufu wa haraka wa majuma ya mwanzo ulikuwa kwa sehemu kubwa ni maji, kwani akiba ya wanga mwilini huhifadhiwa pamoja na maji mengi na hutoka nayo. Usilinganishe mwezi wa tano na juma la pili. Lodwar, ambako joto mara nyingi hupita nyuzi 35, mtu aweza kupoteza kilo 1 kwa jasho hadi adhuhuri na kuirudisha kwa maji kabla ya magharibi. Chumvi nyingi huzuia maji. Siku za mwezi huzuia maji. Jipime asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ileile, mara mbili au tatu kwa juma, kisha tazama wastani wa mwezi mzima na uulinganishe na mwezi uliopita. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Wapo wanaopungua sentimita 3 kiunoni ilhali mizani haikusema neno.

Ikiwa wastani umesimama kwa mwezi na zaidi, na kiuno nacho kimesimama, basi tuingie jikoni, na tuanze na birika la chai. Wataalamu hao hao, katika jarida la Lancet mwaka 2011, walitoa kanuni nyepesi kwa mtu mzima wa kawaida mwenye uzito uliozidi: badiliko la kudumu la kalori 24 kwa siku hatimaye huleta badiliko la uzito wa kilo 1, nusu yake katika mwaka wa kwanza, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4, yaani kalori 16. Sasa tumchukulie mama wa dukani Lodwar, anywaye vikombe vitano vya chai ya maziwa kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Hivyo ni vijiko 15, kalori 240, kabla hajala kitu. Akishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, ameokoa kalori 160 kila siku. Kwa kanuni ile, hizo ni kilo 6 hivi mwishowe, tatu zikiwa za mwaka wa kwanza, mradi asizifidie kwa andazi. Hajalala njaa usiku hata mmoja.

Joto la Turkana huongeza mtego mwingine, nao ni soda baridi. Chupa ya nusu lita huweza kubeba sukari ya gramu 50 hivi, ambayo ni vijiko 12. Mtu huinywa kwa kiu, na kiu hiyo ingekatwa na maji ya mtungi. Ukitaka ladha, kamulia ndimu.

Baada ya birika, dumu la mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na mkono unaomimina moja kwa moja kutoka dumuni haujui kuhesabu vijiko. Hii ndiyo tabia ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika majiko yetu, iwe ni sambusa za Kakuma au viazi karai vya Mombasa. Pima kwa kijiko kwa juma moja tu, uandike. Wengi hushtuka kabla juma halijaisha, na mshtuko huo huwafaa kuliko orodha yoyote ya vyakula vilivyokatazwa.

Kinachoongezwa ni muhimu sawa na kinachopunguzwa. Mwili unaopungua hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayotumia nguvu hata ukiwa umelala. Protini huilinda, na hushibisha kuliko wanga. Mkazi wa Lodwar hapa ana bahati: ziwa Turkana liko karibu, lina ngege na sangara, na samaki wake wakavu husafirishwa hadi Kongo huku baadhi ya nyumba za mjini zikishindia chapati na chai. Samaki wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu, nyama ya mbuzi iliyotokoswa bila kuongezwa mafuta, maharage, ndengu, kunde, maziwa ya ngamia: kimojawapo kiwepo katika kila mlo, asubuhi pia. Wali wa nazi haujaharamishwa. Upakue mara moja, uwe robo ya sahani, mboga ichukue nusu, na sufuria ibaki jikoni isije mkekani.

Misuli huhitaji pia kazi. Vidumu viwili vya lita 5 vilivyojaa maji vyatosha: kuviinua, kuchuchumaa na kusimama navyo, dakika 15, mara tatu kwa juma, ndani ya ua wako bila macho ya mtu. Matembezi yawe baada ya Alfajiri, kabla jua halijawaka, wawili watatu pamoja. Wakazi wa Lodwar wana mto Turkwel na mikoma yake, ile ile mikoma tuijuayo Pwani. Kivuli kipo kwa anayeamka mapema.

Baada ya yote hayo, lipo swali ambalo wengi hawajiulizi: je, ni lazima mizani iendelee kushuka? Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari waligawanywa makundi. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma. Walioingia katika kisukari kundini humo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na walioachwa bila msaada huo. Mama mwenye kilo 85 akifika 79 ametimiza asilimia 7. Ikiwa mizani imegomea hapo, imegomea mahali penye faida kubwa. Akikaa miezi miwili au mitatu hapo hapo, akila kwa kutosheka na kulinda alichokipata, kisha akapunguza tena kidogo, amefanya busara kuliko yule anayekimbilia mlo mmoja kwa siku.

Njaa ya kupindukia ina historia yake. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota, vijana 36 walijitolea kula nusu shibe kwa karibu nusu mwaka ili wanasayansi wajifunze namna ya kuwahudumia walioathirika na vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Matumizi ya nguvu ya miili yao yalishuka kwa takriban asilimia 40, wakawa baridi, wanyonge, wakaota vyakula usiku. Walipofunguliwa walikula bila kushiba, na mafuta yakarudi kuliko misuli.

Mwezi wa Ramadhani nao huchukuliwa na baadhi yetu kuwa dawa ya mizani iliyogoma. Ibada ibaki ibada. Tafiti zilizokusanywa pamoja zaonyesha kwamba anayefunga hupungua kwa wastani kilo 1 na kidogo, na nyingi ya hiyo hurudi ndani ya majuma machache baada ya Idi. Kwa kaimati na viazi vya nazi vya futari zetu, wapo wasiopungua hata hiyo.

Tatizo la mwisho ni ndimi za watu. Pwani unene bado husomwa kuwa dalili ya mke aliyetunzwa, na Turkana wembamba hukumbusha ukame na maradhi. Mama anayepungua kwa makusudi huulizwa msibani, mbele ya watu, kama anaumwa, na shemeji humwambia mumewe amlishe. Shinikizo hili limewarudisha wengi nyuma kuliko sukari. Mume akijua vipimo vya mkewe, ile namba ya shinikizo na ile ya sukari, humjibia yeye, na maneno huisha.

Mwenye mimba asijaribu kupungua hata kidogo, na anayenyonyesha asubiri ushauri wa mkunga. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula wala kufunga kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa dozi iliyopimwa kwa uzito na mlo wa zamani huweza kumwangusha. Na aliyekwama ilhali anachoka kupita kiasi, nywele zinakatika na siku zake zimevurugika, aombe apimwe tezi ya shingo na wingi wa damu, kabla hajaigusa sahani yake tena.